Droo Zote Zianze na NENO

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Siku ya kwanza kazini. Sikusema na mtu hata mmoja. Imekwenda vizuri sana.

Ofisi ni ya wakala wa meli, karibu na bandari ya Mombasa. Nimewekwa Chumba cha Mashine. Kizungu chake ni kompyuta. Sisi twaiita Mashine tu, kama watu wa nyumba moja wanavyosema Mzee na kila mtu akajua ni mzee yupi. Ni kubwa kama makabati sita yaliyosimama bega kwa bega. Kazi yake ni kupiga chapa hati za mizigo: nani kaletewa nini, makasha mangapi. Yataka baridi kutwa kucha, isipoipata husimama. Kwa hivyo chumba kizima kimetiwa baridi, na kisiwani hapana mahali pengine kama hapa. Makarani wa vyumba vingine huja kuuliza mambo wanayoyajua, wapate kupoa.

Mimi nilitetemeka hadi saa sita. Kesho nitavaa fulana mbili.

Wa majaribio tuko wawili: mimi na msichana wa bara, Truphosa, anayekaa Likoni na kuvuka kwa feri. Nafasi ya kudumu ni moja. Bwana Ogutu, mkuu wa chumba, ataamua Alhamisi ya wiki ijayo. Nikikosa, nakwenda Mji wa Kale kuuza misumari dukani kwa Ami Kamaludin.

Misumari sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wanunuzi. Hapa kwetu mtu hanunui msumari hivi hivi. Kwanza sabalkheri. Kisha hali yako, kisha hali ya wa nyumbani, kisha yule mgonjwa aamkaje, kisha jua la leo, ndipo msumari. Nami mbele ya mtu nisiyemzoea ulimi hunigeuka kipande cha ubao. Mashine haiamkii. Haiulizi mgonjwa. Lazima niipate kazi hii.

Bwana Ogutu alitueleza mengi. Alimaliza na jambo la herufi nne za mwanzo za kila jina, kwamba Mashine huishia hapo, sijui wapi. Sikulishika. Meno yalikuwa yakigongana.

Jumanne, 6 Agosti

Fulana mbili hazitoshi.

Leo tumefundishwa droo. Nitaziandika hapa maana zimeninyima raha.

Mashine haijui kitu peke yake. Kila kazi ndogo inayohusu maneno, Bwana Ogutu ameitengenezea bunda lake la kadi zenye matundu. Kila bunda lina droo yake na jina lake, na jina hilo limetobolewa kwenye kadi ya juu. Ukitaka kazi ifanywe, hulitaja jina. Mashine hulitafuta bunda, hulifuata. Mpaka hapo sawa.

Sasa majina yenyewe. Bunda la kukata jina refu ili litoshe kwenye hati laitwa WEMBE. La kuunganisha majina mawili ni GUNDI. La kupima jina lina herufi ngapi ni FUTI. Haya, yavumilika. La kugeuza neno nyuma mbele ni KIOO. Lina faida gani? Bwana Ogutu alisema hana habari, alilitengeneza Jumamosi moja mvua ilipomzuia kwenda kula. La kujaza nafasi tupu ni TOM. Tom alikuwa karani wa zamani, na kwa maelezo ya Bwana Ogutu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. La kutafuta herufi ndani ya neno ni EDDAH. Eddah ni mke wa Bwana Ogutu, yuko bara. Hakijawahi kujificha kitu mfukoni mwa mumewe asikipate.

Wembe, gundi, karani mvivu na mke wa mtu! Katika kabati moja!

Tena si majina tu. WEMBE hutaka umpe neno kwanza, kisha umwambie akate wapi. EDDAH hutaka umwambie kwanza watafuta nini, ndipo umpe neno. Nilijikaza nikauliza kwa mdomo kwa nini. Bwana Ogutu akasema ndivyo Eddah alivyo, usipomwambia kwanza wataka nini hakusikilizi. Truphosa akacheka. Yeye huandika mafunzo yote kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, kama mtoto wa darasa la kwanza. Sidhani kama ni mshindani wa kutisha.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeupata ufumbuzi. Nyumbani, juu ya ngazi.

Baba alikuwa chini barazani, akitaka miwani yake. Akaita, "Mwana!" Wakaitika watatu kwa pamoja: mama yangu Mwanakuu, dada yangu Mwanakhamis na shangazi yangu Mwanaisha. Wakateremka mbio. Mama na kofia, dada na gilasi ya maji, shangazi na upepeo. Baba akawaambia wote warudi. Wakarudi wakinung'unika, kila mmoja akisema aliyeitwa si yeye. Mwishowe Baba akapanda mwenyewe kuchukua miwani.

Mtu mwingine angeona vurugu. Mimi niliona utaratibu. Mwana kwanza! Ukisikia tu, wajua huyo ni mwanamke wa nyumba hii, si wa jirani. Tofauti zao zafuata baadaye, kwa nafasi yao. Vizazi vingapi vimeishi hivyo bila kuhitaji wembe wala gundi?

Kwa hivyo: droo zote za kazi za maneno zianze na NENO. NENOKATA. NENOUNGA. NENOPIMA. NENOGEUZA. NENOJAZA. NENOTAFUTA. Nilizitamka kwa sauti gizani. Ni kama jamaa wa ukoo mmoja wamepanga mstari wapigwe picha. Dada yangu aliniuliza kutoka chumba cha pili nasali nini saa hizi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeandika waraka. Kurasa mbili. Kwanza kwa Kiingereza, maana mwalimu wetu wa sekondari alisema hiyo ndiyo lugha ya utaratibu. Kisha kwa Kiswahili, maana nilitaka ueleweke. Nilimwekea Bwana Ogutu mezani alipotoka, nikaenda kusimama nyuma ya Mashine.

Aliusoma wote. Akaniita. Alisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Alisema majina ni ya heshima, lakini ni marefu na Mashine ina koo fupi. Alisema ya zamani yameshazoeleka, hata Sheikhan wa ghalani ayajua. Tutaona huko mbele, akasema.

Tutaona huko mbele. Yaani amekubali, ila hataki kuonekana ana pupa. Nawajua wakubwa.

Truphosa aliusoma waraka huo huo bila kuombwa. Alikuwa akipuliza vidole vyake vipate joto. "Na zile herufi nne, Bwana Jaffar?" aliniuliza. Nilimjibu kwamba hilo nilishalifikiria. Sikuwa nimelifikiria, sijui hata ni lipi. Lakini sauti yake ilikuwa ya kijicho. Mtu aliyezoea kuandika kiganjani hawezi kupenda waraka wa kurasa mbili.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala Sheikhan alikuja kupoa. Yeye ndiye karani wa ghala. Kazi yake ni kupokea hati kutoka kwetu na kuita majina ya wafanyabiashara uani waje kuchukua mizigo. Ana sauti ya kuita watu wa kisiwa kizima. Husimama mbele ya Mashine na kuifungua kola ya shati, apate baridi mpaka kifuani.

Nilimfanyia jaribio. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama ajua EDDAH ni nini. Akasema ajua, ni mke wa Ogutu, na droo yake ni ile ya tatu, ya kutafuta. Na TOM? Akasema Tom Mungu amsamehe, alikuwa na deni la chai kila baraza mjini, droo yake ya chini kabisa. Basi! Umma umeshapotoshwa mpaka ghalani.

Jioni Bwana Ogutu akatangaza habari. Kesho mkewe anaingia kwa basi la bara. Yeye atatoka mapema kumpokea kituoni Mwembe Tayari. Na Jumatatu atamleta ofisini. Miaka miwili sasa amekuwa akimwandikia kwamba Mombasa kuna droo yenye jina lake, ndani ya chumba cha baridi, na mkewe haamini. Alipokuwa akisema haya alikuwa akiipangusa droo ya tatu kwa mkono wa shati.

Akauliza nani atafunga chumba kesho. Truphosa ana feri ya kuwahi. Nikasikia sauti ikisema mimi. Ilikuwa yangu! Bwana Ogutu alinipa ufunguo kwa furaha kubwa, akasema kumbe nami nina mdomo.

Mgeni anakuja Jumatatu. Hapana budi akikute chumba kina utaratibu. Na mkuu akiona mkewe amependezwa, Alhamisi atachagua nani?

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemaliza. Mgongo waniuma. Moyo mweupe.

Nilitoboa kadi sita mpya za juu, kila moja na jina lake kamili. Kisha nikapitia kadi zote za kazi ya Jumatatu, kila palipotajwa WEMBE nikatia NENOKATA, palipotajwa GUNDI nikatia NENOUNGA, mpaka mwisho. Kazi ya mtu mzima. Nilibandua vibandiko vyote vya zamani, nikaandika vipya kwa wino mweusi. EDDAH alikuwa ameshikamana na mbao, nikamtoa kwa kisu.

Halafu nikazipanga droo upya, kwa alfabeti. NENOGEUZA juu kabisa, kisha NENOJAZA, NENOKATA na wenzao. Hili halikuwa kwenye waraka. Ni zawadi yangu.

Kadi za juu za zamani nilizitupa kapuni, isipokuwa ya TOM niliyoitumia kufutia wino uliomwagika, ikararuka. Kazi pekee ya maana aliyopata kufanya.

Mlangoni nimebandika karatasi: UTARATIBU WA JAFFAR. KILA JINA LIANZE NA NENO. Nilisita kutia jina langu. Kisha nikaona unyenyekevu ukizidi huwa uongo.

Jumapili, 11 Agosti

Nilikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo. Watu tele. Nikamwona Bwana Ogutu na mkewe wakinunua mihogo ya kuchoma. Eddah ni mrefu kuliko mumewe, ana kofia ya kanisani na mkoba mkubwa. Nilijificha nyuma ya jiko la muuza mihogo. Si kwa hatia. Ni kwa sababu ingenibidi kuamkia.

Niliwasikia. Mke alikuwa akisema ataamini akiona kwa macho. Wanaume wa Mombasa, alisema, huahidi dhahabu na kuleta chumvi. Bwana Ogutu akasema kesho utaona, herufi kubwa, droo ya tatu. Kisha mke akatia mkono katika mfuko wa koti la mumewe, bila kutazama, akatoa chenji aliyokuwa akiitaka muuza mihogo.

Moshi ulinipofua. Lakini nimefurahi. Atapata si droo moja yenye jina tu, bali sita zenye nidhamu.

Jumatatu, 12 Agosti

Niandike polepole.

Bwana Ogutu alikuwa amesema atachelewa kidogo kwa sababu ya mgeni, tuanze bila yeye. Meli ilikuwa imeshushwa mizigo jana. Uani wafanyabiashara wamejaa tangu saa moja. Truphosa alipoiona karatasi ya mlangoni alisimama, akaisoma mara mbili, akanitazama kama mtu amtazamaye mgonjwa asiyejua kuwa ni mgonjwa. Akauliza kama Bwana Ogutu ajua. Nikasema ajua, nilimpa waraka. Akauliza kama nimeijaribu Mashine. Nikasema utaratibu haujaribiwi, hufuatwa.

Tukaiwasha. Haijapata kwenda kasi namna ile! Hati zilitoka kama maji. Sikuzisoma, nilikuwa navitazama vibandiko. Sheikhan akazichukua akaenda nazo.

Hadi saa tatu hapana mzigo uliotoka. Ila mmoja.

Twamsikia Sheikhan kupitia dirishani. "Nidulamak! Nidulamak yupo? Makasha manne!" Kimya. Akaita jina jingine, la ajabu zaidi. Watu uani wakatazamana. Baadaye Sheikhan akaingia kupoa, jasho tele, akasema Wagiriki wameununua mji huu na hapana aliyetuambia. Mizigo yote ni yao, na hata mmoja hakuja kuchukua. Ni Bi Aziza muuza leso peke yake aliyepata vitu vyake. Amekwenda zake ameridhika, akasema ofisi hii sasa yaenda upesi.

Nilichungulia. Uani, juani, kando ya mkokoteni wa kukodi, alikuwa amesimama Ami Kamaludin akisubiri makasha yake manne ya kufuli na bawaba. Akaniona. Nikainama.

Truphosa aliichukua hati moja, akaisoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Nidulamak. Kamaludin. Akageuza kiganja chake, wino wa Jumatatu iliyopita bado ulionekana kidogo. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, bila kucheka, jambo ambalo ninaliandika hapa kama alivyolisema. Hata jina likiwa refu kiasi gani, Mashine husoma herufi nne za mwanzo tu. Iliyobaki haioni. Kwa hivyo droo zangu zote sita kwake zina jina moja, NENO. Ikiambiwa NENO hulichukua bunda la kwanza inalokutana nalo. La kwanza kwa alfabeti ni NENOGEUZA. Kila jina kwenye hati hupita droo tatu. Basi liligeuzwa, likageuzwa tena, likageuzwa tena.

Na Bi Aziza? Truphosa akasema niandike AZIZA kwenye karatasi kisha nianzie mwisho. Nikaandika. Jina la heri lile.

Nikamuuliza ingekuwaje kama nisingezipanga kwa alfabeti. Akasema tungepata balaa nyingine.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa.

Bwana Ogutu alikuwa amevaa tai. Eddah alikuwa na kofia ile ile na mkoba ule ule. Alituamkia wote, akauliza hali zetu na za wazazi wetu. Nikajibu neno moja, silijui lilikuwa lipi. Bwana Ogutu akamshika mkono akampeleka kwenye droo kama bwana harusi, macho yakiwa kwa mkewe. Akanyoosha kidole kwenye droo ya tatu. Mkewe akasoma. Akainama akasoma ya juu yake. Akasoma za chini zote.

"Nicanor," akasema, "huyu Neno ni nani?"

Bwana Ogutu akageuka.

"Niliambiwa nina moja," akasema Eddah. "Yeye ana sita."

Bwana Ogutu alizitazama droo. Kisha akatazama mlango, ile karatasi yangu. Kisha hati iliyokuwa mkononi mwa Truphosa. Mimi alinitazama mwisho. Nilitamani aseme kitu. Alilegeza tai.

Ni Truphosa aliyemweleza mama yule kwamba Neno si mwanamke, ni utaratibu. Akauliza ziko wapi kadi za zamani. Nikasema kapuni. Kapu lilikuwa na takataka za siku mbili, juu yake maganda ya machungwa ya Sheikhan. Kabla mtu hajasogea Eddah alishatia mkono. Akatoa WEMBE. Akatoa GUNDI, akatoa FUTI, akatoa KIOO, bila kutazama ndani. Mwisho akatoa EDDAH, akaipangusa kwa leso yake. Akasema hii aijua, mumewe alimchorea mfano wake katika barua. TOM hakumpata kwa sababu hayuko duniani. Truphosa akamtoboa mwingine.

Saa kumi Sheikhan aliita Kamaludin, na Ami akaitika kutoka pale pale alipokuwa amesimama tangu saa moja. Mgongo wa kanzu yake ulikuwa umelowa wote.

Jumanne, 13 Agosti

Bwana Ogutu hasemi nami. Kwa kawaida kutosemeshwa hunipendeza. Leo hakukunipendeza.

Nilimwandikia maelezo mafupi. Nilimkumbusha kwamba Bi Aziza aliridhika kabisa, na kwamba kati ya wafanyabiashara wote wa jana hakuna mwingine aliyetusifu. Kwa hivyo utaratibu haukushindwa, bali ulifaulu kwa mtu mmoja. Aliyasoma. Akafungua droo ya chini kabisa, akayaweka ndani ya TOM.

EDDAH amerudi droo ya tatu. Kibandiko kipya, herufi kubwa kuliko zamani. Mwenyewe alikikandamiza kwa kidole gumba kabla ya kuondoka, akasema sasa ajaribu mtu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nafasi ni ya Truphosa.

Bwana Ogutu alituita pamoja. Alisema Truphosa aliisikiliza Mashine, mimi niliihutubia. Hakukasirika. Alinishika bega. "Kijana, utaratibu unao mwingi," alisema. "Upeleke mahali usipoweza kumuumiza mtu." Nilisema asante. Naona hiyo nayo ni sifa, ukiitazama vizuri.

Kisha akatuonyesha bunda jipya alilolimaliza jana. Kazi yake ni kupita ndani ya neno, kuondoa herufi hii na kutia ile kila inapokutana nayo, bila kuuliza wala kuacha hata moja. Droo ya saba. Truphosa ndiye aliyebandika kibandiko. JAFFAR.

Sheikhan, aliyekuwa akipoa, alicheka hadi akakohoa. Akasema sasa nitakaa katika chumba cha baridi maisha yangu yote. Nilihisi masikio yakiniwaka, humo humo ndani ya baridi. Nilitaka kusema kwamba jina hilo halifai, kwa sababu halina uhusiano na wenzake, na kwamba lingefaa NENOBADILI. Nikaliandika, nikaliacha mezani.

Truphosa alinisindikiza hadi mlangoni. Alisema wazo langu halikuwa baya. Kosa ni kwamba niliweka mbele kinachofanana na nyuma kinachotofautiana. Ningegeuza, nikaita KATANENO, UNGANENO, PIMANENO, herufi nne za mwanzo zingetosha na kila droo ingejulikana. Alisema alitaka kuniambia siku ile ya waraka, lakini nilikuwa nimemjibu kwamba nimeshalifikiria.

Nilifikiri njia nzima, toka bandarini mpaka Mji wa Kale. Sikubaliani naye. Sijapata kumsikia mtu anayeitwa Kuumwana.

Ila alinipungia mkono kutoka dirishani. Nami nilimpungia. Ni jambo nisilolifanya.

Jumatatu, 19 Agosti

Dukani kwa Ami Kamaludin.

Hakunigombeza kwa habari ya jua la Jumatatu iliyopita. Alinipa kiti na kahawa, akaniambia duka ni langu kama lilivyo lake. Nyuma ya kaunta kuna droo ndogo ndogo ukuta mzima, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Ami azijua zote. Hii ni ya Fundi Kombe, maana ndiye mnunuzi wa skrubu zile. Hii ni ya msikiti, bawaba za milango ya msikiti. Ile ya pembeni ni ya marehemu, na hakueleza zaidi, ila ndani mna komeo. Nilisikia kizunguzungu.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mama mmoja wa jirani. Sabalkheri. Wa nyumbani hawajambo? Mama aamkaje? Na mkono wa shangazi, uvimbe umepungua? Na ile kazi ya Mashine, nasikia umeiacha? Niliinama chini ya kaunta nikitafuta kitu ambacho hakikuwako. Nilipoinuka bado yupo. Alitaka misumari mitatu.

Niliamua pale pale. Hii haiwezi kuendelea. Kama kila droo ingekuwa na jina lake lililopangwa sawasawa, mnunuzi angelisoma mwenyewe, angefungua mwenyewe, angeweka pesa kaunta na kwenda zake, bila kumsumbua mtu kwa sabalkheri.

Ami amekwenda kulala baada ya chakula cha mchana. Amenipa vibandiko vyake vya bei vya zamani, vimebaki vingi. Nimekwisha kubandika ukuta wote. Kila kitu hapa ni cha chuma, kwa hivyo droo zote zaanza na CHUMA. CHUMA MISUMARI. CHUMA BAWABA. CHUMA KUFULI. Ukoo mmoja! Vibandiko ni vidogo, na hata kimoja hakikutosha neno la pili. Si kitu. La muhimu ni mwanzo. Kutoka mlangoni yaonekana wazi: CHUMA, CHUMA, CHUMA, mpaka darini.

Kesho kila mtu atajitafutia mwenyewe, nami sitasema na mtu hata mmoja.